Mimba ya Daktari

Alipofika ukurasa wa mia mbili na tisini wa kitabu cha saba, mpiga pasi wa duka la dobi alikifunga, akakilaza mezani kifudifudi, akakitazama kama unavyomtazama jirani aliyeazima sufuria akarudisha mfuniko. Kurasa kumi zilikuwa zimebaki na alizijua bila kuzisoma. Hakimu mstaafu angesimama dirishani, mvua ingenyesha, mtu angebisha hodi, na chini ya hapo mwandishi angetangaza bila haya kwamba mengine yamo katika kitabu cha nane.

Tuseme ukweli, kitabu cha kwanza kilikuwa kitabu. Hakimu anarudi katika mji wake mdogo kutafuta nani aliyechoma ofisi ya hati za ardhi, na kila mlango anaougonga unafunguliwa na mtu mwenye sababu ya kuichoma. Mpiga pasi alikimaliza kwa siku tatu na kuunguza chungu mara mbili. Cha pili nacho kilikuwa kizuri. Cha tatu kilianza kuchechemea, na kuanzia cha nne mwandishi alikuwa anawacheza shere watu wazima. Mlinzi aliyezikwa katika kitabu cha pili, kwa kurasa nane za vilio, alikuja kufungua geti katika cha tano, mzima wa afya, na hakuna aliyeshtuka. Mvua ilinyesha kurasa tatu tatu. Na kulikuwa na yule daktari. Aliingia katika kitabu cha nne akiwa mjamzito wa miezi minne, mwanamke mkali wa maneno, baba wa mtoto hajulikani. Sasa humo ndani miaka mitatu imepita, hakimu ameota mvi mpya, na mimba ya daktari iko palepale. Tembo angekuwa ameshazaa na kunyonyesha.

Mwenye akili zake angeuliza kwa nini hakuacha. Yeye mwenyewe alijiuliza hivyo kila siku, amesimama kwenye mashine ya pasi, mguu mmoja kwenye kanyagio, mvuke ukimpanda usoni. Mashati arobaini kabla ya saa sita: kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, mgongo wa shati mwisho. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na miguu ya mtu wa sabini. Jioni akijinyoosha kitandani hakutaka kumwona hakimu wala mvua yake. Alisoma hivyohivyo, shingo upande, kurasa ishirini kwa siku, na alisoma kwa ajili ya kaka yake.

Kaka mtu, aliyemzidi miaka minne, alikuwa fundi wa lifti. Mama yao alipougua, yeye alikuwa mji mwingine akifunga lifti katika jengo lisilokwisha, na kwa miezi kumi na moja alikuja mara mbili. Mpiga pasi ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamwosha, akamlisha kwa kijiko. Siku ya mazishi kaka alifika na begi lake mkononi, akauliza maji ya kunywa yako wapi. Dada mtu akajibu mbele ya wazee, majirani na watoto: "Mpeni mgeni maji." Ni maneno matatu tu. Kaka aliweka begi chini. Alizika, akachukua begi, akaenda zake, na mwaka mzima ukapita bila salamu, hata alipohamishwa kikazi akarudi kuishi mji mmoja na dada yake.

Kisha Jumapili moja, saa kumi alasiri, simu ikalia. Kaka hata hakungoja shikamoo. "Mama alikuwa anasoma kitabu," alisema. "Kile cha hakimu. Kiliishaje?"

Mpiga pasi alikuwa amekirudisha maktaba bila kukifungua. "Sijui," akasema. "Ngoja nikiazime tena, nitakuambia."

Ndivyo ilivyoanza, na tangu hapo utaratibu ukawa mmoja. Yeye huazima kwa kadi yake, husoma, kisha humwachia kitabu mama wa mapokezi pale dukani. Jumanne kaka hupita na sanduku lake la vifaa, hukichukua, husema asante. Mpiga pasi yuko nyuma ya pazia, hatua sita, anamsikia akikohoa. Hatoki, na kaka haulizi kama yupo. Lakini Jumapili saa kumi simu hulia, na kwa dakika arobaini watu wawili ambao hawajatazamana usoni tangu makaburini humsema hakimu mpaka makoo yanakauka. Hucheka pia. Mimba ya daktari tu ndiyo mpiga pasi hakuwahi kuigusa. Kwao hawakulelewa kuzungumzia mimba na kaka mkubwa, hata ikiwa mimba ya kitabuni.

Basi Jumanne hiyo kitabu cha saba kilichukuliwa kama kawaida, na Jumamosi mpiga pasi akaenda maktaba. Mkutubi, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimwona tangu mlangoni akaanza kucheka.

"Vitabu ulivyoagiza vimefika," alisema. "Vyote vitatu, siku moja, utadhani vimepanda gari moja."

Akavipanga juu ya meza. Kimoja kiliandikwa na mtu aliyechimba visima kwa miaka thelathini. Kingine kilikuwa kinene, cha mambo ya nyuki, ambacho mpiga pasi alikiandikia jina mwaka juzi. Cha tatu kilikuwa hadithi fupi ya kurasa mia na kumi, na mkutubi aliapa kwamba aliisoma yote amesimama palepale, watu wakimngoja awagongee mihuri.

"Ila kadi moja ni vitabu viwili," mkutubi aliendelea, "na kimoja kiko kwa kaka yako. Chagua kimoja. Hivyo vingine nakuwekea siku tano, baada ya hapo vinakwenda kwa wengine."

Mpiga pasi akakifungua kile chembamba. Alisoma aya ya kwanza, akasoma ya pili, akageuza ukurasa. Hapakuwa na mvua. Palikuwa na mwanamke anafunga duka lake kwa mara ya mwisho na hajui aanze na kufuli gani, na kila neno lilikuwa mahali pake. Alikuwa amesahau kwamba kusoma ni hivi. Alijisikia vibaya, kwa kweli, kama mtu aliyekula makombo miaka mitatu akijiambia ameshiba.

"Na cha nane cha hakimu kinatoka mwezi ujao," mkutubi akasema, kalamu tayari mkononi. "Watu kumi na wanne wameshajiandikisha, Mungu awasaidie. Nikuandike?"

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi. Ukichelewa usinilaumu."

Alirudi nyumbani na kile chembamba kwapani, moyo mzito. Kukikataa kitabu ni kazi ya sekunde moja. Lakini bila cha nane hakuna Jumanne, na bila Jumanne hakuna Jumapili. Wangezungumza nini? Hali ya hewa? Alijaribu kuwaza wakipigiana simu bila hakimu katikati yao, na alichokiona mbele yake ni ile siku ya mazishi na lile neno lake. Tusimpambe: aliogopa. Aliogopa kumpoteza kaka yake mara ya pili, na safari hii kwa sababu ya kitabu kibovu.

Jumapili saa kumi simu ililia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Haya, huyu mtu wetu katufanyia nini tena?"

Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi, lakini yalipofika ulimini akayameza. Akaanzia kwenye malalamiko, pale alipopazoea. Akamweleza habari za daktari na mwalimu, mpenzi wake. "Daktari anamwambia mwalimu hawezi kuishi bila yeye, halafu anageuka anaondoka. Kurasa thelathini, kaka. Na ni mara ya tatu sasa, darajani palepale."

"Hata mimi hapo palinichosha," kaka alisema. "Daktari si angeoa tu, yaishe?"

Mpiga pasi aliitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Angefanya nini?"

"Angeoa. Amwoe huyo mwalimu wake, na sisi tupumzike."

Lugha yetu ina ukarimu wake. Unaweza kumsengenya mtu miaka mitatu, yeye kasema, yeye kaenda, na asiyemjua asitambue kama ni bwana au bibi. Hungoja mpaka ifike habari ya ndoa ndipo ikuumbue, maana mume huoa na mke huolewa.

"Kaka," alisema taratibu, "daktari ni mwanamke."

"Mwanamke?"

"Ana mimba, kaka, unisamehe. Anayo tangu kitabu cha nne."

"Hongera yake," kaka akasema.

Siku nyingine wangecheka. "Uliishia wapi?" mpiga pasi akauliza.

"Cha tatu. Mvua ilipoanza."

"Na vingine vinne?"

"Nilivichukua, nikaviweka juu ya kabati, Jumatatu nikavirudisha."

"Na Jumapili?"

"Jumapili wewe unasema, mimi nachomekea. Haikuwa kazi, mdogo wangu. Unasema sana."

Hasira ikampanda. Zaidi ya kurasa elfu moja amezisoma peke yake, miguu ikimuwaka moto, wengine wakimpita kwenye foleni ya vitabu vizuri. "Mimi ningeacha hapohapo kwenye cha tatu," alisema. "Nimevumilia upuuzi wote huu kwa ajili yako."

"Na mimi nimevibeba kwa ajili yako. Nilidhani unavipenda."

Hasira ilishuka yenyewe, ukabaki uchovu, ule wa siku zote. Akavuta kiti akakaa.

"Mkutubi anauliza kama aniandike cha nane," alisema.

"Wewe unakitaka?"

"Sitaki hata kukiona."

"Basi usijiandikishe." Kaka alikohoa, kikohozi kilekile cha Jumanne. "Lakini sasa nitakuwa nakupigia kwa lipi?"

"Piga tu."

"Nikuulize nini?"

"Uliza unachotaka kuuliza. Mwaka wa nne huu, kaka. Huna hata kimoja?"

Akasikia kule upande wa pili mlango unafungwa, kisha hatua.

"Mama," kaka alisema. "Ile siku ya mwisho. Alisema nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Watu waliuliza alikufa saa ngapi, aliugua nini, atazikwa wapi.

"Alikuulizia wewe," alisema. "Alikuwa hanitambui sawasawa. Alidhani ni zamani, sisi bado wadogo, wote tuko nyumbani. Akauliza kama umekula."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia umekula. Nikamwambia umeshalala, uko chumba cha pili. Akasema basi, nizime taa."

Kisha akamsikia kaka analia, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, analia na simu sikioni kama hajui inasikika. Mpiga pasi hakumwambia anyamaze. Alikaa palepale kwenye kiti, akamngojea.