Ubani wa Safari ya Kwanza

Fakihi alipata leseni ya kuendesha lori la tangi mwezi uleule mizigo ilipoadimika. Kama hiyo si nuksi, basi sijui nuksi ni nini. Miaka minne alikuwa utingo, akila vumbi la njia ya Kongwa kupeleka mafuta ya matrekta ya karanga. Siku alipokamata usukani yeye mwenyewe, serikali ikatangaza kwamba mradi wa karanga umekwisha. Matrekta yakalala, na trekta lililolala halinywi mafuta.

Tajiri wake alikuwa na malori matano. Aliuacha uwanja aliokuwa akiukodi, akamwambia kila dereva aegeshe kwake na asubuhi aende bohari ya Kurasini kuulizia zamu. Kisha akaongeza neno moja: dereva atakayemaliza mwezi bila safari hata moja alete funguo.

Lori likakaa Temeke, ubavuni mwa nyumba ya shangazi yake, Mwanabaraka. Fakihi akawa anakwenda Kurasini kwa miguu na kurudi kwa miguu, dereva mzima. Majirani wakaanza kuanika khanga kwenye bampa, na kuku mmoja akaatamia chini ya gurudumu la nyuma. Alitamani kulia, ila mwanamume halii mbele ya kuku.

Kazi pekee aliyobaki nayo ni kukaza kifuniko cha tangi. Gozbert, msimamizi wa bohari, mtu wa Bukoba, alimfundisha siku ya kwanza. "Tangi lililojaa lina adabu," alimwambia. "Tupu ndilo baya, maana limejaa mvuke. Cheche moja tu, tutakuokota vipande. Kifuniko ukikaze mpaka mkono uombe radhi." Basi kila jioni Fakihi alipanda na spana, akakaza.

"Unakaza nini, na ndani hamna kitu?" majirani walimtania.

Shangazi yeye hakutania. "Una nuksi, mwanangu," alisema. "Chombo kipya hakitoki bila ubani."

"Shangazi, hili ni lori la petroli. Moto haulisogelei."

"Moto gani? Ubani si moto, ni moshi."

Walibishana hivyo karibu wiki nne. Zilipobaki siku tatu mwezi uishe, Fakihi akarudi kutoka Kurasini anakimbia. Amepata safari ya Morogoro, kesho saa moja asubuhi awe langoni. Furaha ikampanda kichwani, akamwambia shangazi. Hapo ndipo alipokosea.

Alfajiri alikwenda msikitini. Aliporudi alimkuta shangazi mlangoni, kanawa uso, anatabasamu peke yake. Fakihi akapanda, akatia moto gari, akaondoka. Hakusikia harufu yoyote. Nguo zake zimefukizwa kila Ijumaa tangu yuko mchanga, na pua iliyolelewa kwa ubani haiusikii tena.

Pale langoni Gozbert alifungua mlango wa lori ampe karatasi za mzigo. Mkono ukaishia njiani.

"Ubani huu," alisema. "Mimi nimebeba chetezo kanisani miaka kumi, siwezi kuusahau."

"Ni nguo zangu, bwana. Kwetu tunafukiza nguo."

Gozbert akainama, akapapasa chini ya pedali, akatoa kipande cha kaa chenye majivu. Akakiweka kiganjani, akamwonyesha.

"Na hiki nacho umekivaa?"

Fakihi alijua papo hapo. Angeweza kumtaja shangazi, na Gozbert pengine angemwonea huruma. Lakini utasemaje mbele ya madereva wenzako kwamba lori lako linaamuliwa na bibi mwenye chetezo?

"Ni mie, bwana."

"Basi mafuta yangu hupati. Ningekupa leo, kesho ningekuzika." Hakupandisha sauti. Akampungia Salumu, dereva aliyefuata kwenye foleni, na Salumu akapita na safari ya Morogoro bila hata kugeuza shingo. Kabla ya adhuhuri tajiri alikwisha kupata habari, na funguo zilikwisha kutoka mfukoni mwa Fakihi.

Alirudi Temeke kwa miguu, ana hasira. Njia nzima alipanga maneno, mengine ya kutosha kumkosesha mtu radhi za wazee wake. Miaka minne ya utingo, wiki nne za kungoja, vyote vimekwenda na moshi. Alipofika alimkuta shangazi kaketi barazani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwamkia. Akasema tu kwamba safari hakuna, kazi hakuna, na sababu ni ubani wake.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Basi kosa ni langu," alisema. "Nilifukiza mbele tu. Nuksi yenyewe imo kule nyuma, ndani ya lile tangi. Nilipanda mpaka juu na chetezo changu nikitiemo humo, kifuniko kikanishinda. Umekikaza mno, mwanangu."

Fakihi aliitazama ile nyumba ya vyumba sita, watoto wa wapangaji wanacheza mlangoni, khanga za majirani kambani. Kisha akaitazama mikono ya shangazi, mizima. Akaketi chini karibu naye.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

"Marahaba, mwanangu."