Kiu ya Jumanne na Ijumaa

Gari lenyewe lilikuwa la mtumba, la kijivu, na kabla halijafika Msasani ya huku Tukuyu lilishapita mikononi mwa watu ambao hakuna aliyejua idadi yao. Amoni alilinunua kwa mavuno ya parachichi, akawa analilaza uani kwa Esnath, mjane wa marehemu kaka yake Lukasi, kwa sababu ua wa Esnath ndio uliokuwa na geti. Miezi miwili ya kwanza lilikwenda vizuri tu. Mwezi wa tatu likaanza kunywa maji.

Kuvuja halikuvuja. Amoni alilala chini yake topeni mara nne, asione tone. Mipira ya maji mizima, rejeta nzima, pampu kavu. Lakini kuna jioni injini ikishapoa, Esnath akifungua kifuniko cha rejeta anakuta maji yameshuka hata hayaonekani, anamimina jagi zima ndipo yanafika shingoni. Kazi hiyo ya maji aliichukua yeye, kwa kuwa gari lililala kwake na kwa kuwa Amoni ni mtu wa kusahau. Na Tukuyu mnaijua. Barabara imelowa, ua umelowa, gari limelowa juu na chini, vioo vina ukungu tangu asubuhi. Katika unyevu wa namna hiyo, nani atalitambua tone moja la rejeta?

Fundi Jairo wa Makandana alilichunguza siku nzima, akafuta mikono, akatoa hukumu. Gasketi ya hedi imeungua, alisema, maji yanaingia ndani ya injini na kutoka na moshi. Ushahidi wake ulikuwa ule moshi mweupe wa asubuhi. Kufungua injini ile kungegharimu karibu sawa na gari lenyewe.

Basi Mzee Geresoni, baba yao Amoni na Lukasi, akatamka kwamba gari liuzwe. Mzee akishatamka, nyumba ile haina rufaa. Akapatikana mtu wa Mbeya anayenunua magari mabovu na kuyakata vipande vya spea, akasema atakuja Jumamosi kulivuta.

Hapo ndipo Esnath alipokosa usingizi. Mzee Geresoni alikuwa na kidonda kwenye mguu wa kushoto, kidonda cha muda mrefu, na kila Jumanne na Ijumaa Amoni alimpeleka hospitali ya Igogwe kufungwa bandeji mpya. Kabla ya gari walijaribu pikipiki. Mguu ukaning'inia, ukagonga, kidonda kikafunguka upya, na daktari akawaambia wazi kwamba kikiharibika mara nyingine mguu utakatwa. Kwa gari, kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Sasa mwenye mguu ndiye anayesema gari liuzwe? Esnath aliliombea jambo hilo alfajiri tatu mfululizo, akipiga magoti kwenye mkeka, na kila akinyanyuka alikuwa na swali lilelile.

Kumuuliza mzee mwenyewe hakuweza. Vijana wa siku hizi wanawapa wakwe zao mikono, wengine wanakula nao meza moja. Esnath aliolewa kwa mila ya zamani, na mkamwana wa zamani hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye. Miaka thelathini na mmoja akisikia kikohozi cha mzee njiani, anakunja kona na kuingia kwenye migomba hadi apite. Kwenye gari hawakuwahi kukaa pamoja hata siku moja. Mzee akipanda, Esnath anabaki.

Jumatano akina mama walikuwa na ibada Kiwira. Amoni akawapeleka, Esnath akiwemo, na kurudi wakapakia mikungu sita ya ndizi, gari likapanda mlima likilalamika. Jioni Esnath akafungua kifuniko akiwa na jagi lake tayari. Maji yalikuwa shingoni. Hayakupungua hata kijiko.

Akasimama pale na jagi mkononi, akaanza kurudi nyuma siku moja moja. Jana Jumanne, jagi zima. Jumatatu walikwenda sokoni, hakuna kilichopungua. Jumapili kanisani, hakuna. Ijumaa, jagi na nusu. Alirudi wiki mbili nzima kichwani, na siku hazikubadilika. Gari lilikuwa linashikwa na kiu siku zile tu ambazo yeye hakupanda.

Wazo la kwanza lilikuwa baya. Alidhani Amoni akimshusha baba yake anakwenda kuhangaika na gari milimani kwa mambo yake. Akamwomba Mungu msamaha kwa wazo lile, kisha akamwita Amoni, maana msamaha ni kitu kimoja na kuuliza ni kingine.

"Shemeji, ukimpakia baba kuna kitu gani unafanya ambacho hukifanyi ukinipakia mimi?"

Amoni akafikiri. Akasema anaendesha polepole. Anazima redio. Tena anawasha hita, maana mzee analalamika miguu inaganda.

"Na mimi mbona hujaniwashia hita?"

"Wewe shemeji unavaa vitenge vitatu na sweta. Nikikuwashia si utaiva?"

Esnath hakucheka. Hakujua hita inafanyaje kazi, ila alijua kwamba kitu kinachotoa joto ndani ya gari lazima kilipate joto hilo mahali fulani, na joto la gari lote liko kwenye yale maji.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa mama mkwe kumsaidia kumenya ndizi. Alipofika alimkuta mzee ameingia ndani na mlango umeachwa wazi nusu, akakaa jikoni, mgongo kuelekea nyumba kubwa, kama ilivyo adabu. Kwenye kamba ya nguo palikuwa na suruali ya mzee na soksi moja. Moja tu, kwa sababu mguu wa pili ulikuwa wa bandeji. Soksi ile nyeupe ilikuwa imefuliwa, lakini upande mmoja wa vidole ulibaki na doa la rangi ya matofali. Kwenye pindo la suruali doa lilelile. Kuanzia gotini kwenda juu, hakuna kitu.

"Mama," Esnath alisema, kwa sauti ya kutosha kufika ndani, "hii soksi ililowa wapi?"

Mama mkwe akainamisha macho kwenye kisu. Akasema ni mvua.

"Jumanne hakukunyesha, mama. Siku ile tulianika maharage."

Ndani mtu akakohoa. Kisha sauti ya Mzee Geresoni ikatoka, ikimsemesha mkewe kana kwamba hakuna mwingine pale. "Mwambie mkamwana wako kwamba nguo za mtu mzima hazikaguliwi."

"Anasema kwamba—"

"Nimesikia, mama. Mwambie namwomba radhi. Lakini umwambie vilevile kwamba mkojo hauna kutu."

Kisu cha mama mkwe kikasimama katikati ya ndizi. Ilikuwa kama neno limevuka ukuta ambao kwa miaka thelathini na mmoja halikuwahi kuuvuka neno lolote, na neno lenyewe la kwanza ndilo hilo.

"Muulize," mzee akasema taratibu, "kutu gani."

"Kutu ya rejeta. Yale maji nayamimina mimi, rangi yake naifahamu. Muulize, mama, kama yalikuwa ya uvuguvugu, na kama yalianzia juu au yalianzia kwenye vidole."

Mama mkwe akageuka aulize. Mzee hakungoja.

"Vidole," alisema. "Yalianzia kwenye vidole. Mguu wa kulia, tulipokuwa tunashuka mtoni."

Kisha akayatoa yote, akimwambia mkewe, na mkewe hakurudia tena chochote, alisikiliza tu huku machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka pia. Ilikuwa wiki ya tatu sasa. Amekaa kimya kando ya mwanawe, anasikia maji ya moto miguuni, na ana miaka themanini na mbili. Angefikiri nini? Alijiambia ndiyo imefika, mwili umeanza kumwacha. Hospitali walipouliza soksi imelowa na nini alisema mvua. Nyumbani mkewe alifua bila kuuliza, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi. Akaona afadhali mguu ukatwe kuliko kuwa mzee anayejilowesha kwenye gari la mwanawe. Gari likiondoka, safari zitaisha, na aibu itaisha nazo.

"Mwambie, mama," Esnath alisema, "kwamba baba ni mzima kabisa. Mgonjwa ni gari."

Ijumaa saa mbili asubuhi walikuwa gereji, Esnath na Amoni. Vijana wa gereji walishangaa kumwona mama wa makamo, Biblia ndani ya mkoba, amekaa kiti cha mbele kama bosi wa shamba la chai. Fundi Jairo alimsikiliza kwa heshima, lakini heshima ile ya mtu anayesubiri umalize. Alisema mama, mimi kazi hii nina miaka kumi na tisa. Akawasha injini, akamwonyesha ule moshi mweupe nyuma.

Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Esnath akapanua mdomo, akapumua hewani, na wingu zuri jeupe likatoka.

"Na mimi hedi yangu imeungua, fundi?"

Gereji nzima iliangua kicheko. Hata Jairo alicheka, akajikuna kisogo, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya bali mtu wa haraka, akauliza mama anataka nini kifanyike.

Alitaka vitu viwili. Kapeti la upande wa abiria lifunuliwe, na hita iwashwe hadi mwisho. Jairo akakiri kwamba hita hakuiwasha hata mara moja siku ile ya uchunguzi. Gereji kuna jiko la mkaa, nani ahangaike na hita? Akafunua mpira wa kukanyagia, akafunua kapeti. Sponji ya chini yake ilikuwa imelowa chapachapa, na wote walikuwa wamekanyaga juu yake wiki zote hizo wakidhani ni matope ya viatu. Wakaikausha kwa matambara. Esnath akatandika gazeti kavu pale chini ya dashibodi, akalinyoosha kwa viganja kama anayetandika kitambaa cha meza ya Bwana.

Injini ikapata moto. Hita ikavuma. Dakika tano, hakuna kitu. Kijana mmoja akapiga miayo. Dakika nane, kioo cha mbele kikaanza kuingia ukungu kwa ndani, upande mmoja, na Jairo akaacha kuegemea mlango. Dakika ya kumi na moja kitu kikaanguka juu ya gazeti, tap, kikaacha doa la mviringo, rangi ya matofali. Kisha la pili. Kisha matone yakafuatana, kila moja likifuka mvuke kidogo.

Jairo akapiga magoti, akapeleka kidole, akanusa, akatazama juu gizani kwenye nyaya, kisha akavua kofia yake ya sufu.

"Kumbe ni rejeta ndogo ya hita imetoboka," alisema. "Ukizima hita, koki inafunga, maji hayafiki kule kabisa. Ndiyo maana nililikuta kavu. Mama, ningefungua injini nzima ya watu."

"Sasa inafungwaje?"

"Kwa robo saa tu. Nakata njia ya kwenda kwenye hita, naiunganisha mipira miwili huku mbele. Hita itakufa, lakini gari litaishi."

"Hita ife," Esnath alisema. "Blanketi lipo."

Ilichukua dakika ishirini, kipande cha bomba na klipu mbili. Jairo hakutaka malipo, Amoni akamlazimisha. Kisha wakalijaza maji hadi shingoni, Amoni akalipeleka hadi Kiwira na kulipandisha mlima kwa kishindo, Esnath kando yake akiimba pambio chinichini, na waliporudi wakangoja injini ipoe, wakafungua. Maji yalikuwa palepale. Amoni akampigia simu mtu wa Mbeya na kumwambia asihangaike na mafuta yake ya safari. Alilisema jambo hilo mara mbili, mara ya pili kwa raha tu.

Saa saba mchana gari likasimama nje ya nyumba ya mzee. Esnath alikuwa ameshuka mapema, akapitia nyuma ya migomba kwenda kwake, kama ilivyompasa. Kutoka pale aliweza kuona kidogo kupitia majani. Aliona Mzee Geresoni anatoka na koti lake la kanisani na kofia, soksi safi nyeupe mguuni, akikataa kushikwa mkono. Kabla ya kupanda alisimama, akageukia upande wa migomba bila kuinua macho.

"Mke wangu," akasema kwa nguvu, ingawa mkewe alikuwa ubavuni pake, "mwambie mkamwana, ndaga fijo, asante sana. Mwambie nyumba hii imepata mtu."

Mama mkwe hakwenda kumwambia. Hakukuwa na haja.

Walipotoka Igogwe jioni, muuguzi akiwa amesema kidonda kimebaki ukubwa wa kucha, mzee hakukubali kupelekwa nyumbani. Alimwamuru Amoni apitie mjini. Dirisha limeshushwa, baridi inaingia, blanketi mapajani, mguu wa kulia umenyooshwa mbele watu wauone. Kila aliyemsalimia alisimamishiwa gari na kuambiwa habari nzima, tangu vidole hadi kutu, bila kuruka neno, na wazee wenzake wakashika matumbo kwa kucheka. Aliyezoea kuficha sasa alikuwa anahubiri.

Esnath alikuwa uani akipepeta maharage aliposikia honi ikipita barabarani kuelekea Makandana. Baada ya muda ikarudi. Akadhani sasa wanaingia. Honi ikapita geti, ndefu, ya mtu ambaye hakika si dereva ndiye anayeibonyeza, ikageuka tena kuelekea mjini kwa mara ya tatu, na mjane akaweka ungo chini, akaketi kwenye kigoda, akacheka peke yake hadi mtandio ukamwanguka kichwani.