Gia za Jilala

Niliitwa mwizi mnadani Bariadi, Jumamosi, saa tano asubuhi, mbele ya watu na ng'ombe. Aliyeniita ni Jilala wa Nkololo, mzee mwenye mashamba ya pamba na pikapu moja ya Kijapani iliyoingia nchini ikiwa imeshachoka. Alipanda nyuma ya pikapu hiyo akapaza sauti kwamba mimi, fundi Selestini, nimefungua giaboksi yake mara mbili, nimechomoa gia nzima na kumwekea mbovu. Akamalizia kwamba Jumapili ya wiki inayofuata sungusungu, walinzi wa jadi wa kwao, watakaa, na kama gia zake hazijarudi, nitatengwa.

Asiyejua kutengwa na ashukuru. Sungusungu wa Nkololo wakiamua, wa Bariadi wanafuata. Hakuna anayekusalimia wala kukuuzia chumvi. Mkeo akienda kisimani, wenzake wanabeba ndoo zao wanaondoka. Na fundi asiyesalimiwa atatengeneza gari la nani? Kikao kilikuwa hakijakaa, lakini tayari mke wangu Martha alikuwa anarudi jioni na michembe yake yote, viazi vikavu vya kuuza, kama alivyotoka nayo asubuhi.

Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Miaka kumi na moja nilitengeneza malori ya ushirika. Karakana ilipofungwa, tulipoambiwa sasa ni soko huria na kila mtu ajitegemee, wenzangu waliondoka na spana za ushirika mifukoni. Mimi niliondoka na ovaroli yangu, na hiyo nilikuwa nimeinunua. Leo niibe gia za pikapu? Nimuuzie nani? Bariadi nzima pikapu za aina ile zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa juu ya mawe haina hata milango.

Ugonjwa wenyewe ulianza Juni, mvua zilipokwisha. Gia ya tatu ilikuwa inatoka yenyewe. Dereva yuko kwenye mwinuko, amebeba pamba, mara liva inaruka inarudi huru na injini inalia bure. Hapo fundi anashuku springi zinazoishika gia mahali pake, au meno yaliyolika, au giaboksi iliyolegea. Niliishusha. Springi zilikuwa nzima, meno mazima. Nikabadilisha springi hata hivyo, nikamwaga oili nyeusi nikaweka mpya, nikapakia mawe na kupanda kilima mara nne. Gia ya tatu ilikaa.

Wiki iliyofuata Jilala akarudi. "Fundi, inatoka kuliko mwanzo. Na sasa hata kuingia inakataa, inasaga."

Nikaishusha tena. Nikaweka diski mpya ya klachi, nikapanda kilima, ikakaa. Akaondoka, akafika kwao, ikatoka. Ndipo akili yake ilipompa jibu: kila fundi akifungua ugonjwa unazidi, basi fundi anachomoa kitu.

Siku moja kabla ya kikao niliamka alfajiri nikaendesha baiskeli hadi Nkololo. Nilimkuta uani kwake, pikapu iko karibu na zizi. Nilimwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka, kwa kuwa ni mzee, na hasira haikuwa imenitoa adabu kiasi hicho. Hakuitikia.

"Nipe ufunguo," nikasema.

"Umalizie zilizobaki?"

"Panda na wewe. Ukiniona nachomoa gia huku naendesha, nikate mkono."

Akapanda. Tulipoanza kupanda kutoka bondeni niliingiza ya tatu. Ikasaga, ikaingia, ikatoka. Jilala alijipiga paja.

"Umeona! Umeona mwenyewe!"

Niliona. Ila mguu wangu ulikuwa umegundua jambo jingine: pedali ya klachi haikufika chini. Nikasimamisha gari nikainama. Sakafuni, mpaka chini ya pedali, palikuwa pametandikwa ngozi ya ng'ombe na manyoya yake, imekauka kama ubao, imetobolewa tundu dogo na kuvishwa kwenye liva. Nikisukuma liva mbele kuingiza ya tatu, ukingo wa ngozi uliizuia isifike mwisho, kisha ukairudisha nyuma.

"Hii ni nini?"

"Ngozi ya dume la marehemu baba. Niliitandika mvua za mwaka huu, ikiwa bado laini, gari lipate baraka ya mzee."

"Mbona mimi sijawahi kuiona?"

"Wewe una mikono ya grisi, fundi. Nikija kwako naiacha kwa dada yangu Nyanjige, pale mwanzo wa mji. Nikitoka naipitia."

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Mara mbili nimelala chini ya gari lake, giaboksi kifuani, natafuta ugonjwa ambao umekunjwa umewekwa kwa dada! Niliing'oa ngozi ile nikamtupia mapajani, nikawasha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukapanda mpaka juu kabisa. Nikaondoa mkono kwenye liva, nikaunyanyua auone vizuri.

Jilala aliikumbatia ngozi yake. Kisha akacheka kidogo.

"Kumbe! Basi yamekwisha, fundi. Geuza turudi, nitamwambia kamanda wa sungusungu kikao kisiwepo."

Yamekwisha! Yeye ndiye kayaanza na yeye ndiye kayamaliza, na mimi niendeshe baiskeli yangu kurudi nyumbani nikishukuru.

"Uliponiita mwizi ulisimama wapi, mzee?"

"Mnadani."

"Mnada ni leo."

Sikugeuza. Alinisihi, akanitisha, akasema hajavaa viatu. Niliendesha mpaka Bariadi nikaegesha palepale alipokuwa ameegesha yeye.

"Panda useme. Kwa sauti ileile."

Alipanda na ngozi mkononi. "Fundi Selestini hakuchukua gia," alisema, kama anayeungama kwa padri.

"Sijasikia," nikasema. "Na walioko kwenye mbuzi hawajasikia."

Alirudia mara tatu. Ya tatu ilisikika mpaka kwa wauza chumvi, na akaongeza mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake. Watu wakaanza kunishika mkono, walewale waliokuwa wananipita kama nguzo. Niliwapa mkono, lakini hasira ilikuwa bado haijaniisha.

Martha aliacha michembe yake akaja mbio, machozi yanamtoka huku anacheka.

"Mungu mkubwa, baba Precious! Sasa naweza kukuambia. Jumanne ulipokwenda kuoga nilifungua sanduku lako la spana. Nikachimbua na nyuma ya banda la kuku. Sikukuta kitu!"

Alisema hivyo kama mtu anayeleta habari njema.

"Na kama ungezikuta?" nikamuuliza.

"Ningezitupa mtoni usiku uleule, wasikukute nazo."

Alinishika mkono mbele ya watu wote, anafurahi kweli. Jilala nilikuwa nimemleta mnadani. Huyu ningempeleka wapi?