Paa la Kuagia

Alikikunja kitabu kinene cha baba mkwe wake, akakiachia, akakikunja tena. Kila kilipopinda, kingo za kurasa ziliteleza zikaachana kidogo kidogo.

"Mkwe, hicho nimekiandika kwa jasho. Utakivunja mgongo," alisema mzee, akacheka peke yake.

Yeye hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa hatulii. Kila kikombe cha chai alichomimina kilipoa mbele yake. Chumba cha pili mama mkwe alikuwa akiipiga pasi suti ya sherehe. Kesho mzee, profesa, angeagwa baada ya miaka mingi ya kufundisha uhandisi, tena chini ya paa la ukumbi alilolibuni mwenyewe: kuba jepesi, ngozi mbili ngumu zilizogandishwa kwa gundi juu na chini ya povu. Kanuni yake, iliyomo kitabuni humo, ilizihesabu tabaka zote kama kitu kimoja.

Modeli mpya ya kompyuta ya mkwe wake, naye mhandisi, iliipa kila tabaka mwendo wake. Na humo, upande wa jukwaa, povu lilikuwa linaachana na ngozi. Kesho wangetundika taa na spika palepale, watu wajae chini. Wiki nzima alikuwa akiomba awe amekosea, kwa kuwa alimpenda mzee huyu kuliko alivyowahi kumwambia.

"Baba, kurasa zinateleza."

"Ndiyo maana tunatia gundi."

"Na gundi ikichoka?"

Mzee alimtazama, akavaa miwani, akaivuta kompyuta ya mkwe wake. Aliuliza swali, akajibiwa. Akauliza jingine, akajibiwa. Kidole chake kilifuata rangi nyekundu kwenye mchoro mpaka uso ukamshuka.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna, Baba. Mimi tu."

Kama mzee angesema neno moja tu, "Iache mpaka keshokutwa," mkwe hakujua kama angekuwa na ubavu wa kumkatalia.

Mzee alichukua simu, akampigia msimamizi wa ukumbi. "Fungeni milango. Taa zisitundikwe. Sherehe? Sherehe ni yangu, na paa ni langu."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na suti isiyo na hata kunyanzi moja. "Sasa hii niiweke wapi?"

"Popote, mke wangu."

Kisha akamsogezea mkwe wake kiti. "Kaa, mwanangu. Tuanze na hiyo gundi."

Akakichukua kitabu chake, akakikunja mwenyewe, akatazama kurasa zikiteleza.