Herufi Iliyomponyoka Seremala

Ukuta kati ya chumba changu cha kushonea na karakana ya seremala ni bati tupu. Akipiga chafya, namwambia afya. Zamani akinitaka alikuwa anaita tu, "Fundi wee!", nami naitika bila kuinuka kwenye cherehani. Tangu anunue simu ya kupangusa, amekuwa bubu. Ananiandikia "mambo" huku namsikia anapiga randa!

Na mtu huyo nampenda mwaka wa tatu sasa, mwenzangu katulia kama maji mtungini.

Jumatano ujumbe ukaingia: "Nataka kukuoa kesho saa tatu."

Nikajidunga sindano. Nikamwonyesha shangazi, naye hana kifua cha siri, akautupa kwenye kundi la ukoo. Watu themanini na wawili! Kabla damu haijakauka kidoleni, vigelegele vya kurekodiwa vilishaingia kumi na saba.

Kesho yake saa tatu seremala akatokea na vitambaa vya mito ya makochi mkononi. Akamkuta shangazi na wajomba wawili wamekaa, wamevaa wakapendeza.

"Kuna msiba?" akauliza.

Shangazi akamsomea ujumbe wake. Jamaa akaikodolea macho simu mpaka jasho likamtoka.

"Nilitaka kuandika kukuona, shangazi. Kukuona! N imeniponyoka. Nimeleta vitambaa hivi vishonwe mito."

Jamani, niliumia. Niliumia mpaka nikatamani lile bati liniangukie. Lakini mimi si wa kulia mbele ya wajomba.

"Hiyo N mimi siitaki," nikamwambia. "Wewe unaitaka?"

Akainamia simu yake, vidole mbiombio. Yangu ikalia mezani. Mjinga huyu ananijibu kwa meseji, na tumesimama pua kwa pua!

"Siisomi," nikasema. "Mdomo ulipewa wa kunywea chai tu?"

Akaishusha simu. "Naogopa utanicheka. Kwenye simu mtu hasikii akichekwa."

"Sicheki."

"Basi na mimi siitaki hiyo N. Nataka kukuoa."

Shangazi akaruka kitini, simu juu. "Rudia, baba, rudia! Sikubonyeza kurekodi!"

Akarudia, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Wote wakanigeukia mimi, mwenye domo kuliko wote katika ukoo, wasikie jibu. Nikafungua kinywa, kisha nikaichukua simu yangu mezani, nikamwandikia: "Ndiyo."