Tundu la Arobaini

Katika mtaa wa Shela, mjini Malindi, mtoto hufundishwa jambo moja mapema sana: ukisikia jina lako linaitwa na anayekuita humwoni, nyamaza. Ukiuitikia wito wa kwanza, amekujua. Ukiitikia wa pili, amekupenda. Ukiitikia wa tatu, wewe ni wake. Utamfuata aendako na utakuwa kama watu wa kwao. Zuleikha binti Muhidin alifundishwa hivyo na mama yake, Bi Mwanatumu, kama yeye naye alivyofundishwa na wazee wake kule Siyu.

Lakini Hoteli ya Mwamba Mweupe ilikuwa na sheria yake: simu isilie mara mbili.

Mwaka huo, 1984, Zuleikha alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, naye ndiye mwanamke wa kwanza wa Shela kukaa kwenye swichibodi ya hoteli. Kiti kile hakukipata kwa kupendelewa. Aliolewa akiwa na miaka kumi na tisa, akaachwa akiwa na ishirini na mmoja kwa kosa la kutaka kufanya kazi. Kisha kila jioni, kwa miaka minne, alibeba daftari lake hadi darasa la watu wazima, akajifunza Kiingereza pamoja na watu waliomzidi umri. Kitaliano alikiokota kwa wageni. Siku alipoajiriwa mama yake alisali rakaa mbili za shukrani, na majirani waliozoea kumwita mtalaka wakaanza kumwita Bi Simu.

Swichibodi ilikuwa ubao mkubwa wenye matundu arobaini, na juu ya kila tundu kijitaa. Mgeni akiinua simu chumbani mwake, kijitaa huwaka na kengele hulia, na Zuleikha huchomeka waya tunduni akasema, "Mwamba Mweupe, karibu." Vyumba vilikuwa thelathini na tisa. Tundu la arobaini halikuwa na kazi. Fundi aliwahi kuufungua ubao kwa nyuma akamwonyesha: hapakuwa na waya hata mmoja.

Alasiri moja, wageni wakiwa wamelala kwa joto, kijitaa cha arobaini kikawaka.

Kengele haijamaliza mlio wa kwanza, mkono wa Zuleikha ulikuwa umekwisha kuchomeka waya. Mazoea hayasubiri akili.

"Zuleikha," ikasema sauti ya mwanamume, taratibu, kama mtu anayeonja neno jipya.

"Abee," akaitika. Mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa huitika.

Palepale akakumbuka alivyofundishwa. Akaanza kusoma Ayatul Kursi, aya ya kujikinga. Ile sauti ikaisoma pamoja naye, neno kwa neno, bila kukosea, hadi mwisho.

"Usiogope," ikasema. "Hata mimi namcha Mungu. Naitwa Mbaruk. Hoteli hii imejengwa juu ya kisima changu. Mwaka wa tatu sasa nakusikia ukimwambia kila mtu karibu, na mimi sijakaribishwa na mtu."

Zuleikha alijua kwamba anapaswa kuuchomoa ule waya. Hakuuchomoa. Alikuwa amejifunza mengi kwa kuthubutu kuuliza, basi akauliza, na huyu jini akajibu kila swali kwa heshima. Tangu siku hiyo, wageni wakilala, walizungumza. Mbaruk alimsimulia juu ya wanawake waliokuwa wakiteka maji kisimani pake, na nyimbo walizoimba kabla mji haujawa na mifereji. Zuleikha alimsimulia juu ya darasa la jioni, na jinsi alivyolia siku aliyosoma barua yake mwenyewe bila kusaidiwa.

Mwenzake wa mapokezi, Jedida, msichana wa Nyeri aliyeimba katika kwaya ya kanisa, aligundua upesi.

"Wewe Zule, unaongea na nani na taa zote zimezima?"

"Naongea na mtu."

"Huyo mtu ana bibi?"

"Hana hata mwili."

Jedida akacheka hadi akashika meza. "Basi kaa na huyo huyo, dadangu. Wenye miili wametusumbua vya kutosha."

Siku moja Mbaruk akauliza, "Hebu nieleze. Yule Mtaliano wa chumba cha kumi na mbili, mbona huwapigia simu wanawake watatu akawaambia maneno yale yale?"

Zuleikha akaangua kicheko. Mbaruk naye akacheka, na katikati ya kicheko akasema, "Ah, Zuleikha!"

"Abee," akaitika, machozi ya kicheko yakimtoka.

Kicheko cha upande wa pili kikakatika.

"Hiyo ni ya pili," Mbaruk akasema, na sauti yake ilikuwa imevunjika. "Wallahi sikukutega. Nilijisahau. Lakini sasa sheria imeshanifunga. Ijumaa hii, ikishasaliwa alasiri, itanibidi nikuite mara ya tatu. Ukiitika, utashuka kwetu. Ukinyamaza, nitaondoka na kijitaa hiki hakitawaka tena."

"Kwenu kukoje?"

"Kuna utulivu, na maji matamu. Jua halifiki."

"Na mama yangu?"



Jioni ile Zuleikha alimweleza mama yake kila kitu. Bi Mwanatumu, aliyekuwa akichagua mchele kwenye ungo, hakupiga kelele. Aliuweka ungo chini.

"Dawa yake ni rahisi, mwanangu. Ijumaa nyamaza."

"Nikinyamaza nitampoteza."

"Kumbe umempenda!"

"Nimempenda, mama. Lakini niliwahi kuambiwa niache kila kitu nimfuate mume, nikaacha, na unajua nilivyorudi. Kazi yangu nimeitafuta kwa jasho, na wewe ndiye mama niliye naye. Sitashuka kwenye shimo la mtu yeyote, hata kama maji yake ni matamu."

Mama akauchukua tena ungo wake. "Basi usiniulize mimi. Sali istikhara, umuulize Yule anayejua lililo mbele."

Zuleikha akasali siku tatu. Hakuota ndoto wala hakuona ishara. Ila alfajiri ya Ijumaa, akiukunja mswala, swali moja likamjia, dogo na lililonyooka, akashangaa halijamjia mapema. Akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, ile sheria ya wito. Ni yao peke yao?"

"Una maana gani?"

"Siku zote tunaambiwa tusiitikie. Kuna aliyewahi kuita?"

Bi Mwanatumu akabaki na kijiko mkononi. "Nilivyoisikia mimi kwa nyanya yangu, aitikaye humfuata aitaye, akawa kama watu wa kwao. Hakusema ni nani wa kuita na nani wa kuitika." Kisha akatabasamu taratibu. "Nenda kazini, mwanangu. Na uende na udhu."

Saa tisa na nusu, kabla ya adhana ya alasiri, Zuleikha aliketi wima mbele ya ubao. Alisema bismillahi, akachomeka waya kwenye tundu la arobaini. Kijitaa hakikuwaka. Upande wa pili palisikika ubaridi, kama mtu anapoinamia kisima.

"Mbaruk," akaita.

"Labeka!" Jibu lilikuja upesi. Hakuna aliyekuwa amemwita jina lake tangu mama yake afariki, na adabu alizolelewa nazo zilikuwa bado ziko palepale.

"Mbaruk."

"Labeka, bibi, nime…" Akanyamaza. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa na anayefurahia kushindwa. "Zuleikha. Unajua unalolifanya?"

"Najua. Nataka nawe ujue. Mimi zile mbili ziliniponyoka. Wewe nakupa nafasi ya kufikiri. Ukiuitikia wa tatu, utakuja juu uwe mtu. Utaumwa na meno. Utapanga foleni ya unga, na mwaka huu unga wenyewe ni wa njano. Utazeeka, na siku moja utakufa kama sisi. Ukiona ni mzigo, nyamaza. Sitakulaumu." Akavuta pumzi. "Mbaruk."

Hakuna jibu.

Kijitaa cha kumi na mbili kikawaka, kengele ikalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu, akaingia Bwana Thuku, mkuu wa mapokezi, mtu mwema aliyeogopa malalamiko ya wageni kuliko alivyoogopa simba.

"Zuleikha!"

Ulimi wake ulikuwa tayari umejipanga kusema abee. Akauma upindo wa mtandio wake. Waya ulikuwa wazi. Abee yoyote ingeteremka moja kwa moja hadi kisimani, iwe ya tatu, na huko hakuna ambaye angeuliza alikuwa akimwitikia nani.

"Zuleikha! Mzungu wa kumi na mbili anapiga kelele!"

Akazidi kuuma.

"Ama umekuwa kiziwi? Mimi ndiye nakuita! Nitakuandikia barua ya onyo, leo leo!"

Kiti alichokitafuta miaka minne kilitikisika chini yake, naye hakufungua kinywa. Jedida akaja mbio kutoka mapokezi, akajipenyeza katikati yao.

"Bwana Thuku, mwache, anaongea na Nairobi."

"Nairobi gani na taa imezima?"

"Basi anaongea na mbinguni. Wewe shida yako ni Mzungu, si ndiyo?" Akanyoosha mkono, akachomeka waya wa kumi na mbili mwenyewe. "Pronto, sinyore! Karibu!"

Nje, mwadhini wa msikiti wa jirani akaanza adhana. Sala ikiisha, zamu ya kuita ingekuwa ya Mbaruk. Zuleikha aliisikia adhana yote, sentensi kwa sentensi, akiiitikia moyoni tu. Alimwambia Mola wake: nimefanya langu, lililobaki ni Lako.

Mwadhini alipomaliza, kutoka chini kabisa, ikaja sauti isiyo na kicheko wala woga.

"Labeka, Zuleikha. Labeka."

Kijitaa cha arobaini kikawaka mara moja, kikapasuka. Chumba kikanukia udongo uliolowa.

"Haya," Bwana Thuku akasema, akikitazama kile kijitaa kilichopasuka. "Sasa unaweza kuniitikia?"

"Abee, Bwana Thuku," Zuleikha akasema, akiwa ameshauchomoa waya. "Samahani. Nilikuwa na simu ya maana."

Barua ya onyo aliipokea saa kumi na moja. Akaitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri, akaenda nayo nyumbani, akaiweka sandukuni juu ya cheti chake cha darasa la jioni. Vyote viwili alikuwa amevitolea jasho.

Jumamosi, saa nne asubuhi, mtu akabisha mlangoni.

"Hodi."

Bi Mwanatumu akanyamaza.

"Hodi."

Akanyamaza tena, akijifunga leso vizuri.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," akasema. "Nani?"

"Ni Mbaruk, mama. Nimeitwa."

Mlango ulipofunguka, Bi Mwanatumu alimtazama miguu kwanza. Ilikuwa miguu ya mtu, laini kama ya mtoto mchanga, imechubuka na kutoka damu kwa mawe ya njiani. Kiunoni alikuwa na kikoi alichoazimwa na bawabu wa hoteli. Alikuwa akikunja macho kwa sababu ya jua, na huku akitabasamu, kana kwamba maumivu yenyewe yalikuwa zawadi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona posa inakuja mguu mtupu? Wazee wako wako wapi?"

"Nimewaaga. Sina tena mzee, ukinikubali, isipokuwa wewe."

Zuleikha akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa ile sauti ya swichibodi ambayo kila mgeni aliielewa. "Ami yangu ndiye atakayeozesha badala ya marehemu baba, lakini kauli ni yangu. Mahari yangu ni msahafu mmoja. Na sharti langu ni moja: kiti changu cha kazi hakiguswi."

"Nikiguse vipi?" Mbaruk akajibu. "Nilikupendea hapo."

Bi Mwanatumu akageuza uso kuficha fahari yake. Aliwahi kumpokea binti huyu mlango huu huu, amerudi na bunda la nguo na macho chini.

"Zuleikha!" akaita. "Lete maji ya moto na chumvi, tumwoshe mgeni miguu."

"Abee, mama," Zuleikha akaitika, kwa wito wa kwanza.