Mto Uliopita Majlisi kwa Maan

Alasiri ya Jumamosi Maan alitandaza ramani ya kaskazini mwa Finland juu ya zulia la majlisi, chumba cha kupokelea wageni, nyumbani kwake mjini Al Amerat. Pembe zake alizikandamiza kwa birika la kahawa, sahani ya tende, simu na goti la shemeji yake Sinan. Walikuwa wakipanga safari ya Juni: siku kumi katika misitu isiyo na watu, wakivua samaki wa mtoni kwa nzi bandia, chambo cha kufungwa kwenye ndoana. Nzi hao Maan aliwasokota mwenyewe kwa manyoya ya mbuzi, na walifanana na kila kitu isipokuwa nzi.

"Hapa tunapiga hema," alisema Sinan, akagusa mstari wa buluu. Kidole kikarudi kimelowa.

Ilipofika magharibi, ndani ya nyumba ulikuwa unapita mto wenye upana wa hatua nne. Ulitokea upande wa vyumba vya kulala, ukakata majlisi katikati, ukatokea mlango wa jikoni. Maji yake yalikuwa safi, na baridi ya kuuma meno. Bi Mahbuba, mama yake Maan, alipandisha miguu kwenye kochi.

"Mwanangu, nnaganda mie. N'letee soksi."

Soksi alizileta Teopista, kashika kandambili mkononi. Alikuwa mfanyakazi wao kutoka Uganda, mwaka wa nne sasa kwa mkataba wa miaka miwili. Alimwacha kwao binti yake wa miaka mitatu. Maan alikuwa amemwahidi likizo Juni, lakini Juni hiyo ilishapata safari, na lazima mtu abaki na Bi Mahbuba.

"Baba, ulisema Juni," Teopista alimkumbusha, akikamua tambara la deki.

"Nilisema Juni. Nilisema ya mwaka gani?"

Sinan alicheka mpaka tende ikampalia.

Mto ulikuwepo, kwa hiyo wakajaribu fimbo zao za kuvulia. Ndoana ya kwanza ya Maan ilivua pazia, ya pili ikavua kofia ya Sinan. Ya tatu ilipata trauti, samaki wa maji baridi mwenye madoadoa, mrefu kama mkono. Maan alilowesha viganja, akamshika ndani ya maji kama anayemshika mtoto mchanga, akapigwa picha, akamwachia.

"Mnamwachia?" Teopista aliuliza.

"Ndiyo sheria ya kule," Maan alimweleza kwa upole. "Humkawizi. Naye ana kwao. Ukimweka sana, hata ukimrudisha anakufa."

"Sheria nzuri," alisema Teopista, akaendelea na deki.

Jumapili alikuja Murshid, fundi bomba wa mtaa wa Darsait. Alivua viatu, akakunja suruali, akaufuata mto kwa kwenda juu mpaka chumbani kwa Maan, mpaka kwenye kabati, mpaka chini ya mablanketi. Maji yalikuwa yakibubujika kutoka kati ya kurasa za pasipoti ya Teopista, ambayo Maan alikuwa akimtunzia isipotee.

"Mabomba yako mazima," Murshid alisema. "Mpe mwenyewe kitabu chake, mchana huuhuu utakauka."

Teopista alikuwa amesimama mlangoni. Alikwisha kufuta mikono kwenye aproni.

Maan alilifikiri jambo hilo kwa haki, maana alijiona mtu wa haki. Kuvua hapa nyumbani hakuna mbu wa Finland. Hakuna viza wala hema. Mama hatabaki peke yake.

"Kiache papo hapo," alisema. "Na lile blanketi rudisha."

Murshid alirudisha blanketi, akanywa kahawa, akaenda zake.

Safari ilifutwa. Juni wakaja wageni kuvua, shemeji na marafiki wa ofisini, kila mtu na kiti chake cha kukunja, na likizo ya Teopista ikawa haizungumziki: watu wote wale nani atawapikia? Bi Mahbuba alinunuliwa mabuti ya mpira, akayapenda.

Ijumaa moja binti yake Teopista alipiga simu. Mama yake alipokelea jikoni, huku anamenya vitunguu.

"Mama, hiyo sauti ni ya nini?"

"Mto. Uko humu ndani."

"Unaenda wapi?"

Teopista alichungulia dirishani. Maji yalivuka uwanja, yakafika kwenye ukuta wa nyuma, yakazama mchangani.

"Hauendi," alisema.